Shimo la redio kwenye dashibodi ya bati: kwa nini hatuzibi na puti

Swali tunaloulizwa sana hapa gereji na wenye magari ya kizamani ni hili: "Boss, hilo shimo si mpake tu puti, mpige rangi, yaishe?" (Puti ni ule uji mzito wa kujazia mabonde kwenye bati la gari, ukikauka wawa mgumu.) Jibu letu ni hapana, na kwa vile bei tukiitaja watu huguna, acha tueleze kwa kirefu mjue hio pesa yaenda wapi.

Kwanza shimo lenyewe latoka wapi. Beetle, Morris Minor, zile Kombi za kioo cha mbele vipande viwili, zote zilitoka kiwandani na dashibodi ya bati, imepigwa rangi, hakuna mambo ya plastiki. Redio za enzi hizo zilikuwa ndogo, vifundo viwili pembeni na kidirisha katikati. Zikaja redio za kaseti, saizi ile ile inayotumika mpaka leo, tundu lake lataka milimita 182 kwa 53, na hio mle haiingii, sasa fundi wa redio afanye nini, achukua mkasi wa bati ama jigso, akata, redio yaingia, mteja aondoka na taarab yake mpaka Mtwapa na kila mtu ana raha. Baadae zikaja alamu, swichi ya feni, swichi ya spotilaiti, kila moja na tobo lake, mpaka leo waletewa gari dashibodi imekuwa chujio. Wale mafundi hatuwalaumu. Wakati huo Beetle ilikuwa gari ya kwenda kazini tu, na ingawa ilishinda Safari Rally mwaka 1962 hakuna aliyewaza kwamba kuna siku mtu ataitaka irudi vile vile ilivyotoka kiwandani.

Sasa puti. Puti si mbaya, sisi wenyewe twaitumia, lakini puti yataka bati la kushikilia nyuma yake, na kwa shimo la redio hakuna bati. Kwa hio mtu achomeka wavu ama faibaglasi kwa nyuma, apaka puti nene juu, apiga msasa, apiga rangi, na siku ya kukabidhiwa gari wallahi yapendeza. Tatizo ni kwamba dashibodi iko chini ya kioo, jua la Mombasa lapiga hapo kutwa, bati lapanuka kivyake na puti kivyake, alafu mlango wafungwa kwa nguvu, barabara ina matuta, na polepole waona mstari mwembamba unajichora kwenye rangi, pembe nne, saizi ya redio kamili. Hapo puti imeachana na bati na unyevu waingia kwa huo ufa. Sisi puti haizidi milimita mbili tatu, na iko juu ya bati safi lililochomelewa, ni ya kulainisha tu.

Kama wanunua gari na wataka kujua kama ilishawahi kuzibwa, chukua sumaku ya spika iliyokufa, ifunge kitambaa isikwaruze rangi, ipitishe taratibu. Palipo na bati yavuta. Ikipoteza nguvu ghafla katikati ya dashibodi, jua ulichoshika ni puti.

Kitu ambacho wateja wengi hawakitarajii ni kwamba sisi hatuanzi na shimo, twaanza na raba ya kioo cha mbele. Raba ikizeeka yakauka, maji yapita kwenye pembe za chini za kioo, yateremka nyuma ya dashibodi pasipoonekana, na hapa kwetu si mvua ya masika peke yake, gari likilala karibu na bahari hewa yenyewe ina chumvi mwaka mzima. Kwa hio kwenye Beetle twafungua boneti ya mbele, twatoa ile kadibodi, twaangalia dashibodi kwa mgongo wake. Mara nyingi shimo la redio ndo dogo, shida kubwa iko kwenye kona karibu na kioo ambako ukigonga na bisibisi bati laingia ndani. Ukiziba redio ukaiacha hio kona umefanya kazi nusu na maji bado yaja.

Alafu kuna habari ya usalama na hapa hatupunguzi bei kwa mtu yeyote. Tangi ya petroli ya Beetle iko mbele, chini ya boneti hio hio, jirani kabisa na dashibodi. Lazima itoke. Si kuimwaga petroli tu, maana tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa, latoka lote lawekwa mbali. Betri (iko chini ya kiti cha nyuma) yafunguliwa, geji zatoka, nyaya zafungwa lebo moja moja na kusogezwa. Wateja wengine hutuuliza kwani mwafungua vyote hivyo kwa shimo la redio? Ndio. Hapo tu ndo muda mwingi waenda kabla hata mashine haijawashwa.

Kipande cha kuzibia twapenda kitoke kwenye dashibodi ya gari lililokufa, sababu chaja na mkunjo wake na lile tundu dogo la asili kama mteja ataka redio ya kizamani irudi. Ila kuwa mwangalifu ukinunua mwenyewe, dashibodi ya Beetle ilibadilishwa kwenye modeli ya 1958, ya kabla ya hapo haikai, na ile ya Beetle ya baadae iitwayo 1303, iliyokuja na kioo kilichopinda, ni plastiki, haikusaidii kitu. Tukikosa tunakata bati jipya la chuma cheusi la geji 20, yaani unene wa karibu milimita 0.9, twalikunja kwa nyundo mpaka lifuate mkunjo. Tafadhali usituletee kipande cha mabati ya kuezekea. Lile lina zinki, ukilichomelea latoa moshi mweupe unaompa fundi homa usiku kucha, na weldi yenyewe haishiki vizuri.

Kuchomelea hapo si kazi ya fundi wa mageti. Heshima yake anayo, lakini ile mashine yake ya vijiti yatoboa bati jembamba kama hili dakika hio hio. Sisi twatumia MIG, mashine ya kuchomelea inayolisha waya yenyewe, na waya wa milimita 0.6, kipande chakatwa kikae ndani ya shimo bila kupandana na bati la zamani, mwanya mdogo tu kuzunguka, maana vikipandana katikati yake kutu yapata nyumba. Nyuma twashikilia bomba la shaba la AC lililogongwa likawa bapa, chuma kilichoyeyuka hakigandi kwenye shaba kwa hio weldi haidondoki upande wa pili. Alafu twachomelea kwa nukta, si mstari. Nukta moja pembe hii, nukta nyingine pembe ile ya mbali, wangoja mpaka uweke kiganja juu bila kukitoa, ndo wapiga nyingine. Ukivuta mstari mzima kwa mpigo mmoja joto lalipindisha bati, dashibodi yaingia mawimbi, na hayo mawimbi kuyatoa ni kazi kuliko shimo lilivyokuwa. Grenda nayo ni vile vile, kidogo kidogo, kwa sababu grenda pia yapasha moto. Tobo za swichi twazifunga kwa njia hio hio, ndogo zajaa kwa nukta moja mbili.

Kuangalia kama pako sawa twazima taa za gereji twaweka taa moja ya tubu pembeni, mwangaza wake wapita juu ya bati, na pale ule mstari wa mwanga unapojikunja ndo pana bonde.

Bati likishakuwa wazi halilali. Hapa Mombasa ukiliacha uchi usiku mmoja asubuhi lina wekundu, kwa hio praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kukinga kutu) yapigwa siku hio hio, hata kama ni jioni. Na hili la maji ni la kwetu Pwani hasa: visima vingi huku vina maji ya chumvi, na ukipiga msasa wa maji kwa maji ya kisima chumvi yabaki chini ya rangi, baadae yavuta unyevu na rangi yaota malengelenge watu walaumu rangi ni feki. Sisi twanunua maji matamu ya kazi hio. Puti iliyo wazi hatuigusi na maji kabisa, msasa mkavu, namba 80 kisha 180, mpaka ikishafunikwa na praima ndo msasa wa maji 400 na 600.

Rangi ya asili mara nyingi gari lenyewe lakuonyesha. Ukitoa spidomita, pale ukingo wake ulipokuwa umefunika pana pete ya rangi ambayo jua halijaigusa tangu kiwandani, na twachanganya kwa kufuata hio, si kwa kufuata mlango uliofifia. Na mkitaka kliakoti ya kung'aa (lile tabaka la juu lisilo na rangi) tutawapigia, gari ni lenu, ila kusema kweli twaona haikai, magari haya yalikuwa na rangi ya kopo moja na ule mng'aro wa simu mpya kwenye dashibodi ya Morris wajulikana kutoka mbali.

Wenye Land Rover za Series, zile za zamani, mna nafuu. Kile kipande cha geji kwenye nyingi ni cha kufungua kwa skrubu, mwaweza kutuletea hicho peke yake kwenye mfuko, gari libaki nyumbani. Ila bodi kuwa ya aluminiamu kusiwadanganye, ule ukuta kati ya injini na miguu yenu ni chuma na waoza, hasa chini ya kioo.

Ukitaka bei usiseme tu "ni shimo dogo". Piga picha ya shimo ukiwa umeweka rula, picha ya kona zote mbili za kioo kwa ndani, na picha ya mgongo wa dashibodi boneti ikiwa wazi, tuma kwa WhatsApp, tutakupa makisio na tutakwambia mapema kama kioo itabidi kitoke. Muziki nao hatukunyimi, twaficha redio ya bluetooth ndani ya droo ya dashibodi, spika chini ya viti, na hatutoboi kitu.