Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa bwawa la trauti, Kapchorwa

Mzee Mlezi, wajumbe wa kamati, ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote. Taarifa hii nilipaswa kuisoma mbele yenu kwenye mkutano mkuu wa Novemba. Siku ile tulifika watu 14. Katiba yetu inataka nusu ya wanachama, yaani 23, na tulingoja tangu saa nne asubuhi mpaka saa saba mchana, chai ikapoa, tukatawanyika. Kwa hiyo nimeiandika na kumkabidhi katibu aifikishe kwa kila mmoja. Nimeiandika kwa Kiswahili kama kawaida yetu, maana humu tuna Wasabiny, Wagisu, ndugu zetu wa kutoka Kitale na maafande wastaafu wa kila pembe ya Uganda, na sote lugha hii tunaielewa.

Shughuli za kawaida mnazijua. Kingo za bwawa zilifyekwa mara 3. Wavu wa mfereji wa kutolea maji ulibadilishwa. Vifaranga 600 wa trauti wa upinde (rainbow trout) waliletwa Aprili kutoka Nyeri, Kenya, usiku, ndani ya mifuko yenye oksijeni na barafu, na waliokufa njiani walikuwa 9 tu. Vijana 11 walifundishwa kutupa mshipi. Mashindano ya Agosti yalifanyika. Vijana wawili walikamatwa wakivua kwa minyoo, wakaonywa mbele ya wazazi wao, na jambo hilo limekwisha. Bwawa letu ni la nzi bandia peke yake, yaani ndoana iliyovishwa ifanane na mdudu.

Sasa nije kwenye bomba la maji nililolinunua Februari.

Najua yanayosemwa. Yanasemwa sokoni, na juu ya boda boda, na mengine yamenifikia nyumbani kupitia mke wangu: kwamba mwenyekiti amekula fedha za banda, zile tulizoweka kujenga mahali pa kujikinga mvua na kubadilishia nguo. Naomba kila mwanachama asome sehemu hii mpaka mwisho kabla ya kusema tena.

Mwaka huu kiangazi kilikuja kikali. Kufikia wiki ya kwanza ya Februari kijito kinacholisha bwawa kilikuwa kimebaki uzi. Kila siku saa nane mchana nilishuka mimi mwenyewe na kipimajoto, na namba zote zimo kwenye daftari la bwawa kwa mwandiko wangu. Tarehe 3 maji yalikuwa nyuzi 19. Tarehe 9 yakawa 21. Tarehe 13 yakafika 22. Trauti ni samaki wa maji baridi. Hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16, yakivuka 20 huanza kuacha chakula, na yakikaribia 25 hufa. Tena maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo: maji ya nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11 kwa lita, ya nyuzi 20 hubeba takriban 9, na hiyo ni kwa usawa wa bahari. Huku kwetu juu mlimani hewa ni nyepesi na kiasi hicho hupungua zaidi.

Asubuhi ya tarehe 14 mlinzi alinipigia saa kumi na mbili kasoro. Alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote, kwa sababu usiku kucha mimea ya majini nayo huvuta oksijeni na hakuna jua la kuirudisha. Nilikuta samaki wamejipanga kwenye mdomo wa mfereji, midomo juu ya maji, wanatweta. Wengine 31 walikuwa wameshageuka matumbo. Niliwaokota mmoja mmoja. Wawili kati yao walikuwa wa ule uzao wa kwanza tuliouleta tulipoanza chama, wakubwa, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Sikuweza kunywa chai siku hiyo.

Katiba inasema matumizi yanayozidi shilingi 500,000 yapitishwe na kamati ya watu 7. Nilimpigia kila mjumbe. Watatu simu hazikupatikana. Mweka hazina alikuwa Kampala, akakubali kwa simu. Katibu akakubali. Mjumbe mmoja akasema tungoje kikao cha Jumamosi ya wiki iliyofuata, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa, yaani tungoje siku nane. Niliandika kwenye kundi letu la simu saa tatu asubuhi. Watu 38 waliusoma ujumbe. Waliojibu ni 4, na mmoja wao alijibu kwa pole tu.

Niliamua. Nilichukua shilingi 3,400,000 kutoka kwenye 4,000,000 za banda, nikanunua bomba la inchi mbili la mita 280 pamoja na viungo vyake, na kwa siku mbili vijana sita walichimba na kulaza kutoka kwenye kijito cha juu, ukingoni mwa msitu, ambako maji yalikuwa nyuzi 15. Wenye mashamba njiani niliwaomba ruhusa, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, alishuhudia. Yale maji hayamwagwi bwawani kimyakimya. Yanaanguka kutoka juu ya mawe, yanapasuka, na katika kupasuka ndiko yanakochukua hewa. Kiungo kimoja kilipasuka siku ya tatu, na fedha za kukibadilisha, shilingi 180,000, zilitoka mfukoni mwangu. Sijazidai na sitazidai.

Tarehe 20 bwawa lilisoma nyuzi 18. Baada ya bomba tulipoteza samaki 4 tu mpaka mvua za Aprili.

Limesemwa pia kwamba bomba limepita kando ya shamba langu. Ni kweli limepita, kwa sababu mteremko uko hapo, na maji hayapandi kilima. Hakuna koki kwenye shamba langu. Yeyote anayetilia shaka aje siku yoyote bila kuniarifu, afukue popote anapotaka, nami nitamletea jembe.

Ndugu mmoja aliuliza kwa haki kabisa: kama Kenya trauti wamekaa mitoni tangu walipoletwa kutoka Scotland mwaka 1905, mbona wetu wanahitaji bomba? Jibu ni kwamba wale wako kwenye mto unaokimbia usiku na mchana kutoka milimani. Wetu wako kwenye bwawa lililosimama. Hata kuzaa hawazai humo, kwa sababu trauti hutaga kwenye changarawe inayopitiwa na maji yanayotembea, na ndiyo sababu kila mwaka tunanunua vifaranga. Mwingine alipendekeza tuwaachie kijitoni wajitafutie. Hilo nimelikataa na nitaendelea kulikataa. Sote tunajua mputa, yaani sangara, alivyotiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na samaki wadogo wa ziwa lile walivyopotea. Samaki wa kuletwa tuliowachukua kwa dhamana wakae ndani ya wavu wetu.

Malalamiko ya pili ni kwamba nilifunga uvuvi kuanzia tarehe 10 Februari mpaka mwisho wa Machi, na watu walikuwa wamelipia. Ni kweli niliufunga. Samaki aliyepigana na mshipi kwenye maji ya nyuzi 21, hata ukimrudisha kwa mikono miwili, uwezekano wa kufa ni mkubwa, na hutamwona akifa kwa sababu huzama chini. Sikuona namna ya kuwaambia watu warudishe samaki huku nikijua wanarudisha maiti.

Wenye shaka nawaomba wakumbuke Julai. Ile baridi ya mwaka huu, ukungu umelala juu ya bwawa mpaka saa nne, makoti na mablanketi kingoni, maji nyuzi 13, ndiyo uvuvi bora tuliouona tangu tuanze. Samaki walikuwa wanakula vijidudu vya matope vinapopanda juu kugeuka nzi, na nzi bandia mdogo mweusi aliyefungwa kwenye ndoana namba 14, akivutwa polepole sana, karibu asivutwe kabisa, ndiye aliyewashinda wote. Wageni waliokuja na nzi wakubwa wa rangi na kuvuta kwa pupa walirudi mikono mitupu. Mwalimu wetu, dada ambaye wengi mlisema hatadumu mwezi mmoja, alimtoa samaki wa kilo 1.9 chini ya mgunga ulioinama. Alilowesha mikono kwanza, akamshika tumboni bila kumbana, akamtoa ndoana iliyominywa kijino ili ichomoke kirahisi, akamshikilia akiuelekea mkondo wa bomba mpaka akapiga mkia mwenyewe. Samaki wa ukubwa ule hakutoka kwenye vifaranga wa Aprili. Alikuwa bwawani Februari.

Hesabu. Wanachama ni 46 na ada ni shilingi 120,000. Waliolipa yote ni 19, jumla 2,280,000. Waliolipa nusunusu ni 8, jumla 430,000. Wengine 19 hawajatoa hata shilingi. Tiketi 71 za wageni kwa 30,000 zimeleta 2,130,000. Mapato yote ni 4,840,000. Tumetumia 1,500,000 kwa vifaranga, 700,000 kwa usafiri na vibali, 1,800,000 kwa mlinzi na 640,000 kwa chakula cha samaki. Imebaki 200,000, na mfuko wa banda una 600,000.

Naomba mzitazame namba hizo. Ada ambazo hazijalipwa ni shilingi 2,810,000. Zikilipwa zote, tofauti ya bomba karibu yote imezibwa na banda linaanza. Inaniuma kwamba wengi wa wanaouliza banda liko wapi wamo katika wale 19. Sitataja majina. Mlinzi wetu alikaa Mei na Juni bila mshahara, na alikuwa hapo kila usiku, kwenye mvua. Wapo wanachama waliovua mara sita Julai na Agosti, nimewahesabu kwenye daftari, na hawajalipa. Ukipata shida ya ada ya shule au mgonjwa nyumbani, niambie, tutapanga, nimeshawapangia watu watatu. Ninachoomba ni usikae kimya.

Kuhusu banda, ombi la kina mama la mahali pa kubadilishia nguo na kujikinga mvua ni la haki na silikwepi. Natumaini mwakani, Mungu akijalia, tutaweka walau nguzo na mabati. Tunafikiria pia kupanda miti upande wa magharibi ili jua la mchana lisipige maji moja kwa moja, na huenda siku moja tukapata bwawa dogo la kulelea vifaranga. Kamati italizungumza.

Ipo hoja iliyoandikwa na wanachama watano kwamba nirejeshe shilingi 3,400,000. Nimeipokea na nimeiweka kwenye ajenda, mbele kabisa, na wakati wa kuijadili nitampisha makamu aongoze kikao. Mkiamua nirejeshe, nitarejesha kwa awamu. Ila amueni mkiwa 23 au zaidi, hapa bwawani, mkilisikia bomba likimwaga.

Mkutano umepangwa upya Jumamosi ya pili ya Januari, saa nne asubuhi. Daftari la joto la maji, risiti zote na kitabu cha hesabu viko kwa mweka hazina, na anafungua mlango wake kila Jumamosi baada ya soko.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti