Kabla hujamwaga maji ya mboga

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Waalaikum salaam, na marahaba. Huku hatujambo, kifua cha baba yako kimetulia. Juzi salio lilikuishia mimi ndiyo kwanza naanza kusema, na mambo ya jikoni hayaelezeki kwa dakika mbili, kwa hiyo nimeamua kuandika.

Umesema kliniki ya wajawazito wamekupima wakakuta damu pungufu, ukashangaa, mbona mboga za majani unakula kila siku. Nakuamini. Ila nilikuona mlipokuja Idi. Mchicha uliukatakata, ukauroweka, ukauchemsha mpaka ukalegea, maji ukamwaga, halafu ukala na chai ya rangi pembeni. Vitamini C na foleti, nayo ni vitamini ya kujenga damu, huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo vingi viliishia kwenye sinki.

Osha majani yakiwa mazima, rudia mpaka mchanga uishe, ndipo ukate. Mchicha na matembele havitaki maji ya kuongeza, yale yaliyobaki kwenye majani yanatosha. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga, funika kidogo, epua ingali ya kijani. Magadi achana nayo. Yanalainisha na kung'arisha rangi, lakini yanaharibu vitamini. Mnavu tu ndio nakuruhusu kupunguza maji ya kwanza kama uchungu unakushinda.

Sasa sombe, hicho mnachokiita kisamvu. Najua wewe unaipenda kuliko zote, na najua sokoni huko unanunua kisamvu kilichosagwa tayari. Si vibaya, lakini kusagwa si kuiva. Majani ya muhogo yana sumu, sianidi, na dawa yake ni kuyatwanga yavunjike kabisa kisha kuyachemsha sufuria ikiwa wazi, ili sumu itoke na mvuke. Hawa wanaofunika ili wabane mkaa sijui wanaharakia wapi. Mimi nikiweka jikoni nahesabu kama saa nzima, mpaka ile harufu ya ubichi iishe, ndipo natia dagaa na karanga, na mawese mwisho. Kwa moto wote huo vitamini C haibaki, basi kula na chungwa. Na huko Tabora msimu wa maembe ukifika huna kisingizio.

Chungwa, embe au limau si urembo wa sahani. Madini ya chuma, yale yanayojenga damu, yakiwa ya kwenye majani mwili huyachukua kwa shida kuliko ya nyama na samaki, na vitamini C ndiyo inayoyasaidia kupita. Dagaa wakiwa ndani ya mboga husaidia pia. Chai inafanya kinyume, inayazuia, kwa hiyo iache mpaka saa moja au mbili baada ya chakula. Kahawa vilevile. Na ule udongo unaoutafuna (mumeo kaniambia, usimgombeze) nao unazuia chuma. Uache.

Mafuta usiyaogope. Wekundu wa mawese ni karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Majani ya kijani nayo yanayo, ukijani ndio unaoificha, na bila mafuta haisharabiwi vizuri. Kijiko kimoja kwa sahani kinatosha. Ila usiyaunguze mpaka yatoe moshi na kuwa meupe, kama wanavyofanya wanaoona aibu ya harufu yake. Yakiwa meupe, karotini imeungua.

Ukipata majani ya kunde yaliyokaushwa, chagua yaliyoanikwa kivulini. Jua kali linapausha rangi na vitamini A inaondoka nayo.

Hizo juisi za matembele mabichi anazokushauri jirani yako sikukatazi, mradi majani yaoshwe vizuri kwa maji safi. Lakini zisichukue nafasi ya vidonge. Fefo uliyopewa kliniki, ile ya chuma na foleti, meza kama walivyokuelekeza, na choo kikiwa cheusi usishtuke, ni chuma hicho. Tarehe ya kurudi kupima damu usiipitishe, maana kwa mjamzito mboga peke yake mara nyingi haitoshi kurudisha kilichopungua.

Mdogo wako anayetarajia kuolewa mwambie aanze mapema. Foleti inahitajika kabla hata ya mtu kujua ana mimba, kwani mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo. Mimi nikimwambia ananiona namchimba.

Nimekutumia mzigo kwa treni: dumu la mawese, dagaa, na kinu kidogo cha mninga. Umeandikwa jina la mumeo, aende stesheni na kitambulisho. Dumu likiisha nirudishie, madumu mazuri siku hizi hayapatikani.

Mama yako