Kweche si kwelea kwelea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimtetee ndege mdogo anayeuawa bure katika mabonde yetu ya mpunga hapa Tabora.

Jumamosi iliyopita mtoto wa jirani aliniletea kweche dume aliyenaswa kwa ulimbo. Alienea kwenye kiganja: shingo nyekundu ya kuwaka, uso na tumbo vyeusi kama masizi ya chungu. Bawa moja lilikuwa limegandamana. Nikampaka mafuta ya alizeti nikimbandua unyoya mmoja mmoja, huku moyo wake ukinipiga vidoleni. Hakufika adhuhuri.

Mtoto simlaumu. Kaambiwa aamie ndege, akamkamata anayeonekana. Na msimu huu wa mvua kweche dume hana budi kuonekana, maana anatafuta majike. Hujitutumua manyoya akawa kama mpira, kisha huruka polepole juu ya matete, mabawa yakivuma kama ya nyuki mkubwa. Husuka viota kadhaa. Jike akikubali kimoja, hukitandika ndani mwenyewe na kutaga. Kiangazi kikiingia dume huvua vazi lote, akabaki na michirizi ya kahawia kama shomoro.

Wiki mbili kabla, watoto haohao walinizunguka kutazama video ya ndege wa Costa Rica waitwao manakini: madume mawili yanarukiana kwa zamu mbele ya jike mmoja. Walishangilia sana! Ngoma kama hiyo wanayo mferejini, hatua mia kutoka mlangoni.

Sisemi kweche hali nafaka. Anakula, na mpunga ukishika punje lazima tuamie. Lakini anayetumalizia shamba ni kwelea kwelea, anayetua kwa maelfu. Wakati wa kuzaliana kwelea dume ana mdomo mwekundu, kweche dume mdomo wake ni mweusi. Sasa hivi mpunga hata haujatoa masuke, ulimbo unalinda nini?

Nawaomba mabwana shamba, wanapokuja kutufundisha habari za kwelea, watuonyeshe na tofauti hiyo, tena watoto wawepo. Wakulima wenzangu, tusifyeke matete yote ya mfereji kabla viota havijaisha. Mimi nimeacha upande mmoja. Jana jioni walikuwapo madume watatu, kila mmoja na tete lake.

Mkulima wa mpunga,
Tabora