Mangi, gemu limetutenganisha

Pasua, Moshi
14 Septemba 2025

Kwako mangi wangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kupungua na mlima umefunguka tangu juzi, asubuhi unaonekana wote hadi kileleni. Jana nilimkuta mama yako pale Mbuyuni ananunua ndizi za mtori, nikambebea kikapu mpaka kwenye daladala ya Kibosho. Anasema hupigi simu. Mpigie, kaka, hata leo.

Nimeona nikuandikie kwa kirefu kwa sababu ile sauti niliyokutumia Ijumaa usiku ilikuwa ya hasira tupu, na baada ya hapo nikazima simu. Sikukukasirikia wewe. Nina hasira na lile gemu la vita tunalocheza mtandaoni, na nisingependa ubaki huko Mwanza ukidhani nilikuchoka katikati ya mechi.

Nilikuwa nimejiandaa, mangi. Ile apdeti ya gigabaiti 38 niliishusha kwa bando la usiku, siku tatu mfululizo, naamka saa sita kuiwasha na saa kumi na mbili naizima. Ijumaa nikafunga ofisi mapema, nikamwomba mteja wa mwisho afuate simu yake kesho yake, nikala, nikavaa hedifoni. Saa nne kamili tukaungana. Mechi ya kwanza ilikuwa tamu. Wewe ulikaa ghorofani na bunduki ya kudungulia, mimi chini nakupigia kelele, "Kushoto, kwenye tangi la maji!" na hapo hapo mtu anaanguka. Nilikuwa nacheka peke yangu chumbani kama zamani.

Kisha ikaja mechi ya pili. Watu wawili wa upande wa pili walitoka, gemu likaamua kusawazisha timu, na katika wachezaji wote likanichukua mimi. Hatukuulizwa, wala hakuna mahali pa kubonyeza kukataa. Kufumba na kufumbua nimevaa sare nyingine, sauti yako imekatika kwenye hedifoni, na ninapoinua kichwa nyuma ya lile behewa la stesheni nakuona unavuka reli, jina lako limeandikwa juu ya kichwa kwa rangi nyekundu. Nyekundu, mangi. Ulikuwa umenipa ubavu mzima na kidole changu kiko kwenye pedi. Nikashindwa kubonyeza. Nilikutazama unapita mpaka ukaingia ghalani, na mwenzako mmoja akanizunguka kwa nyuma akanimaliza.

Kusawazisha timu ni jambo jema. Watu kumi kwa wanane hainogi. Lakini gemu linajua fika kwamba tumeingia pamoja, lenyewe ndilo lililotuandika kama kikosi kimoja. Lingemchukua mtu aliyekuja peke yake, au lingetuhamisha sote wawili. Aliyelitengeneza hakuwaza kabisa kwamba watu wanaweza kukaa mbele ya kioo usiku wa Ijumaa kwa sababu ya kuwa pamoja, na vita ikawa kisingizio tu.

Kilichofuata nadhani hukukijua. Mechi ya tatu tulirudi upande mmoja, ukaangushwa karibu na kisima, umejeruhiwa, unasubiri nije nikuinue. Natambaa. Nimebakiza kama hatua tano. Umeme ukakatika, Pasua nzima giza. Ulirudi baada ya dakika mbili hivi, nikawasha, nikasubiri mashine iamke, nikaingia. Nikakuta maandishi kwamba nimefungiwa dakika 20 kwa kuitelekeza timu. Nililisoma lile neno mara tatu. Mtu aliyekuwa anatambaa kwenye matope kwenda kumwinua rafiki yake anaambiwa ametelekeza! Hapo ndipo nilipokutumia ile sauti.

Najua adhabu hiyo imewekwa kwa ajili ya wanaokimbia wakiona wanafungwa, na wapo wengi, wanakera. Ila anayetoka kwa kubonyeza kitufe, mashine yake huaga seva, ile kompyuta yao inayoendesha mechi, kabla ya kuondoka. Aliyekatikiwa umeme ananyamaza ghafla, na seva inabaki kumsubiri mpaka ikate tamaa. Mambo hayo mawili yanaonekana tofauti kabisa kule kwao. Utasema wajanja wangeng'oa waya makusudi. Sawa, basi mtu apewe dakika tano za kurudi kwenye nafasi yake kabla ya kuhukumiwa. Lile gemu limetengenezwa na watu ambao umeme wao haukatiki, na wameona kila anayepotea ni mwoga.

Halafu lile la kufia nyuma ya ukuta, ulilonilaumu kwamba sijifichi haraka. Jumamosi nilikaa nalo ofisini nikapiga hesabu nyuma ya kitabu cha risiti. Ile bunduki ambayo siku hizi kila mtu anaitumia inatema risasi 800 kwa dakika, yaani moja kila milisekunde 75. Nne zinaua. Kutoka ya kwanza hadi ya nne ni milisekunde 225, hata robo sekunde haifiki. Na Ijumaa pingi yangu, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, ilikuwa inacheza kwenye milisekunde 190. Seva ilikuwa Ulaya, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapa hata ukinyoosha uzi juu ya ramani, na nyaya zetu hazinyooki, zinashuka pwani kwanza ndipo ziingie baharini. Mwanga wenyewe ndani ya nyuzi zile za kioo unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi huko ni milisekunde 60 bila kusimama popote njiani. Hilo hakuna fundi wa kulirekebisha, si mimi wala wao.

Sasa angalia wanavyoamua. Mtu akifyatua, seva inarudisha saa nyuma hadi kwenye kile mpigaji alichokuwa anakiona, ndipo inasema amelenga au amekosa. Yahn Bernier wa Valve, kampuni ya kutengeneza magemu, aliieleza mbinu hiyo tangu mwaka 2001, na kwa kweli inatusaidia sisi wa mbali, maana bila hiyo ungelazimika kulenga hewani mbele ya anayekimbia ukiombea risasi imkute. Lakini inakata kuwili. Kwenye kioo changu nimeshaingia nyuma ya ukuta. Kwa yule wa Ulaya bado nimesimama mlangoni, na seva inamwamini yeye. Habari za kifo changu zinanifikia nimeshachuchumaa. Gemu likiwa linaua polepole, kuchelewa huko unakuvumilia. Likiua ndani ya milisekunde 225, karibu nusu ya pambano imeshapita kabla halijanifikia. Kwa hiyo usinilaumu miguu, kaka.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kati ya Moshi na Mwanza ni kama kilomita 500 tu kwa mwendo wa ndege, na tunapelekwa Ulaya kukutana. Hakuna orodha ya seva. Hakuna pa kuchagua hata Afrika Kusini, ambako ni chini ya nusu ya umbali huo. Linachagua lenyewe, halikwambii limechagua wapi, mpaka uchokonoe kama mimi.

Ndiyo maana siku hizi naikumbuka sana ile intaneti kefi ya Majengo. Kompyuta nane, moja haina kitufe cha W, ukichelewa kufika unapewa hiyo na unatembea kwa vishale. Tulicheza Counter-Strike kwa waya tu, intaneti iwepo isiwepo. Lile gemu lilianza mwaka 1999, vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, walilichukua gemu la Half-Life wakaligeuza kuwa kitu kingine kabisa. Nadhani kwa sababu lilitoka mikononi mwa wachezaji, liliwaachia wachezaji funguo. Yeyote aliweza kuwasha seva yake, akaweka ramani aitakayo, akamtoa mkorofi. Seva yetu ilikuwa kompyuta ya mezani kwa kaka wa kefi, na sheria yake ilikuwa moja: ukitukana, unatoka na hela hurudishiwi.

Mechi ikiisha tulibaki wale wale. Aliyekuua amekaa kiti cha pili, unamgeukia, anakuonyesha kwenye kioo chake alikopitia. Kurusha bomu la moshi kwa kuligongesha ukutani nilifundishwa na mtoto wa darasa la sita aliyekuwa amenisumbua nalo jioni nzima. Alisimama nyuma ya kiti changu akanishika mkono uliokuwa kwenye kipanya. Gemu la sasa lingepima viwango vyetu, likaniweka mimi kule na yeye huku, na tusingekutana maisha.

Jumatano iliyopita nilipangwa na kijana mmoja, nadhani wa Mombasa kwa lafudhi yake. Tulilinda daraja dakika kumi nzima, mimi nikiishiwa risasi yeye anasogea mbele bila kuambiwa. Mechi ikaisha, kioo kikawa cheusi, chumba kikavunjwa, kila mtu akapangiwa watu wengine. Sikuwahi hata kushika jina lake. Kilichofunguka badala yake ni duka, kioo kizima: sare, bunduki za rangi ya dhahabu, pasi ya msimu inayoisha baada ya siku kumi na moja. Duka halikuchelewa hata kidogo kufunguka.

Na Mei ya mwaka jana, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, gemu lilikataa hata kunipa mazoezi dhidi ya mashine. Niko chumbani kwangu, nimelinunua kwa hela yangu, kila kitu kimo ndani ya diski yangu, na mlango umefungwa.

Basi sikia nilichofanya. Ofisini nina kompyuta mbili za zamani nilizonunua kwa shule moja iliyokuwa inabadilisha mashine zake. Nimezipangusa, nimeziongezea memori, nimenunua swichi ya matundu nane na waya mita 20. Jana usiku nimeweka lile gemu letu la kefi na ile ramani ya jangwani. Pingi ni 5. Nilikaa nikaitazama hiyo 5 kwa muda.

Desemba utakapokuja kwa ajili ya Krismasi, usiunganishe moja kwa moja Kibosho. Shuka Moshi siku mbili kabla, shemeji yako ameshakubali ulale hapa. Betri ya sola nimeijaribu, inabeba kompyuta zote mbili saa tatu umeme ukikatika. Kama unaye mtu huko anayetaka kuja naye, mlete, matundu yapo. Njoo na kipanya chako, nina kimoja tu kizima. Na uniambie mapema unapanda basi la lini, maana wiki ile tiketi za kuja huku unajua zinavyogombewa.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi,
wako wa kiti cha pili