Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wasomaji, 2025

Ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za asubuhi.

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha mbele yenu taarifa ya chama kwa mwaka 2025. Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Vikao vya usomaji vilifanyika kila mwezi isipokuwa Ramadhani. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, tuliiadhimisha pamoja na watoto wa shule ya msingi jirani. Kabati la vitabu limepigwa dawa ya mchwa. Wenzetu waliofiwa tuliwafariji kwa taratibu zetu. Anayehitaji zaidi amwone Katibu.

Muda wangu nitautumia kwa jambo ambalo limesemwa sana nje ya vikao na kidogo sana ndani yake: uamuzi wa kutenga kipindi cha Aprili hadi Septemba kwa riwaya za upelelezi na vitabu vingine vipya, na kuvinunua kwa fedha za chama.

Kikao cha kupitisha orodha ya vitabu kiliitishwa Januari, akidi haikutimia. Kikaitishwa tena Februari, wakafika wale wale wa Januari, na siku hiyo hapakuwa na mvua wala msiba. Katiba inasema kikao kikikosa akidi mara mbili, Kamati Tendaji itaamua. Kamati ikaamua. Anayesema mwenyekiti kajiamulia peke yake, daftari la mahudhurio lipo mezani, alifungue atafute jina lake.

Pendekezo lilikuwa langu, wala silikani. Mwaka 2024 tulichagua vitabu vizito, na kwenye mijadala wasemaji wakawa watatu wanne, wengine hawajafika hata sura ya pili. Nikaona chama kinageuka darasa la watu wachache. Nilitaka kitabu ambacho mwanachama atakimaliza.

Mwezi Mei nililetewa barua yenye sahihi saba. Inasema upelelezi ni riwaya pendwa, za kupunguzia urefu wa safari ya basi, na kwamba chama chenye heshima husoma fasihi dhati. Naijibu kwa heshima, maana wawili kati ya waliosaini ni walimu wangu.

Mgawanyo huo hapa kwetu hausimami. Riwaya ya upelelezi Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, mwishoni mwa miaka ya 1950, ikatoka kitabu mwaka 1960. Tuliisoma Aprili, kwa makusudi, kabla ya vitabu vya wageni. Mwili unakutwa kwenye mzimu, watu wako tayari kuamini kwamba wazee wa kale wameua, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anakaa kutafuta mkono wa binadamu. Kweli Bwana Msa amerithi mengi kwa Sherlock Holmes, lakini Kiswahili kile ni cha Unguja na woga ule ni wa kwetu. Faraji Katalambulla akaleta Simu ya Kifo mwaka 1965, Elvis Musiba akatupa shujaa wake Willy Gamba, Ben Mtobwa akatupa wake, Joram Kiango. Wengi wetu tuliomo ukumbini tulimaliza kitabu kizima kwa mara ya kwanza kwa sababu ya watu hao. Huo ndio msingi wetu wa usomaji, na mimi sitauonea haya.

Sasa vitabu vipya. The God of the Woods ya Liz Moore, ya mwaka 2024, ndiyo iliyonipa hakika kwamba uamuzi ulikuwa sahihi. Ni Agosti 1975, kambi ya watoto kwenye milima ya Adirondack, jimbo la New York. Asubuhi kitanda cha Barbara Van Laar, binti wa miaka 13, kinakutwa kitupu. Ardhi ya kambi ni mali ya wazazi wake. Miaka 14 kabla, kaka yake Bear alipotea huko huko na hakuonekana tena. Mwandishi anakwenda mbele na kurudi nyuma kati ya miaka hiyo, na msomaji asiyeangalia mwaka ulioandikwa juu ya sura atapotea njia, niliwatahadharisha mapema. Kitabu kinauliza nani alifanya nini, lakini kwa nguvu zaidi kinauliza nani alibebeshwa lawama. Mtoto wa tajiri alipopotea, macho yote yakamgeukia mfanyakazi wa pale pale, mtu asiye na wa kumsemea. Na anayeifukua kesi upya ni Judyta, mpelelezi kijana, mwanamke katika kazi ya wanaume, ambaye wakubwa wake hawamsikilizi.

Siku ya mjadala huo mama mmoja ambaye tangu ajiunge hakuwahi kuomba nafasi, alisimama akaeleza kwamba dhahabu ikipotea kwenye nyumba kubwa, begi la kwanza kupekuliwa ni la dada wa kazi. Ukumbi ulichangamka hadi magharibi. Naomba walioandika barua wanionyeshe fasihi dhati iliyowahi kutufanyia hivyo humu ndani.

The Hunter ya Tana French, nayo ya 2024, iliwagawa watu. Cal Hooper, polisi mstaafu kutoka Chicago, anaishi kijijini magharibi mwa Ireland. Kiangazi ni kikali, mashamba yanakauka, na Johnny Reddy anarudi nyumbani na Mwingereza mmoja na maneno ya dhahabu iliyomo ardhini. Trey, bintiye Johnny, ana kisasi chake na kijiji hicho. Waliolalamika kwamba hakuna maiti kwa kurasa nyingi, nawaambia raha ya kitabu iko kwenye mazungumzo ya wanaume wale kwenye baa, kila mmoja anamtega mwenzake kwa maneno matamu. Ila aanze na The Searcher ya 2020, kitabu kinachoitangulia, anayetaka kuwaelewa vizuri Cal na Trey. Mimi The Hunter ndiyo niliyoiona bora kuliko zote kwa uandishi, ingawa kwa mjadala ya Moore iliishinda.

Gaslight ya Femi Kayode wa Nigeria, ya 2023, ilikwenda haraka: askofu wa kanisa kubwa anashutumiwa kumuua mkewe, na Philip Taiwo, mtaalamu wa saikolojia, anaitwa kutafuta ukweli. Hapakuwa na haja ya kumweleza mtu yeyote mazingira yake. James ya Percival Everett, iliyopata Pulitzer, tuzo kubwa ya Marekani, mwaka 2025, si upelelezi, na Septemba tuliijadili nusu tu kwa sababu ya nakala chache.

Theft ya Abdulrazak Gurnah ndiyo niliyosikia manung'uniko zaidi, eti imeingiaje kwenye msimu wa upelelezi. Imeingia kwa sababu niliiombea nafasi. Ni riwaya yake ya kwanza tangu Tuzo ya Nobel ya 2021, imetoka Machi 2025, na habari yake ni ya Zanzibar na Dar es Salaam. Badar, kijana mtumishi, anashutumiwa wizi. Hakuna mpelelezi, hakuna pingu, lakini swali ni lile lile la msituni kule Adirondack: aliye chini ndiye anayeshukiwa kwanza. Mama yule yule aliyesema habari ya dada wa kazi ndiye aliyeifungua mada siku hiyo, na safari hii hakusubiri kuitwa.

Kuhusu vitabu vipya kuwa vya Kiingereza, mijadala yote ilikuwa kwa Kiswahili na kila kikao kilitanguliwa na muhtasari wa Kiswahili nilioandika mwenyewe usiku. Anayetaka Gurnah kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, imo kabatini tangu 2022, na daftari la kuazima linaonyesha walioichukua wanahesabika.

Mahudhurio. Mei tulikuwa 31, idadi ambayo chama hiki hakijaifikia kwa miaka mingi. Juni 27, Agosti 29. Oktoba tuliporudi kwenye orodha ya zamani, kama barua ilivyotaka, tulikuwa 9, na kati ya wale saba waliosaini barua alikuwepo mmoja. Novemba tulikuwa 11. Inauma, ndugu zangu. Ukumbi unalipiwa, mgeni mzungumzaji amekuja na karatasi zake, viti vimepangwa, halafu watu tisa.

Fedha. Wanachama kwenye rejista ni 64, ada ni shilingi 30,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 23, sawa na shilingi 690,000. Waliolipa pungufu ni 19, jumla shilingi 210,000. Waliobaki 22 hawajalipa hata senti. Mapato shilingi 900,000. Matumizi shilingi 938,000, yaani vitabu 640,000, ukumbi 180,000, chai na vitafunwa 118,000. Pengo la 38,000 nimelifunika kwa mfuko wangu, na sijaomba kurudishiwa. Wanaouliza kwa nini vitabu viligharimu hivyo, nakala zilikuwa 14, tisa zikiwa zimeagizwa nje, na kitabu kipya kutoka nje hakina bei ya soko la mitumba. Risiti anazo Mweka Hazina. Nashangaa kwamba sauti kubwa zaidi kuhusu fedha zimetoka kwenye orodha ya wale 22.

Kwa mwaka ujao Kamati inatarajia, Mungu akipenda, kupata ukumbi wa gharama nafuu, kuvutia vijana wa vyuo, na ikiwezekana kumwalika mwandishi mmoja wa Kiswahili. Tunayo pia nia ya kukusanya upya vitabu vyote vya Bwana Msa. Nakala yetu ya Siri ya Sifuri imebaki kurasa zilizoshikwa kwa uzi. Fedha zikipatikana tutaangalia. Riwaya za upelelezi nitazipendekeza tena, na safari hii naomba akidi itimie ili anayepinga apinge mbele yangu.

Mwisho, nakala moja ya The God of the Woods na moja ya The Hunter hazijarudi tangu Julai. Walionazo majina yao yamo kwenye daftari la kuazima. Naomba zikabidhiwe kwa Katibu leo, kabla ya mkutano kufungwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti