Somo la maigizo lisigeuzwe kikosi cha tamasha

Mhariri,

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 nchini Kenya walipojiunga na sekondari pevu Januari 2026, Maigizo na Filamu lilikuwa miongoni mwa masomo ya kuchagua katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Hofu yangu ni kwamba shule zitalifundisha kwa mazoea ya tamasha la drama: mwelekezi wa kukodi anatafutwa, wachache wenye sauti wanachujwa, maleba yanashonwa, basi linang'oa nanga. Tamasha lina faida zake, na limewalea waigizaji wengi wa nchi hii. Lakini aliyelichagua somo anastahili kufundishwa kazi yenyewe hatua kwa hatua, hata kama hatawahi kupanda jukwaa la kaunti.

Nianze na kisingizio cha ukumbi. Darasa la kawaida linatosha. Madawati yasukumwe ukutani, uchorwe mstatili wa mita 5 kwa 4 kwa chaki, na mahali pa mlango patiwe alama. Pasipo mpaka huo, waigizaji husongamana katikati, wa mbele akamziba wa nyuma. Dirisha nalo litazamwe. Likiwa nyuma ya waigizaji, hadhira huona vivuli tu, sura hazionekani. Hadhira ndiyo ilipe dirisha mgongo ili mwanga uwaangukie wanaoigiza.

Igizo la kwanza liwe la dakika 5 hadi 7, kwa kundi la wanafunzi 6. Ukurasa mmoja uliochapwa huchukua takriban dakika moja jukwaani, na kila dakika hiyo itengewe walau saa nzima ya mazoezi. Wanne waigize, mmoja ashughulikie vifaa na maleba, wa sita awe msimamizi wa jukwaa. Katika igizo linalofuata wabadilishane. Msimamizi ndiye mwenye skripti kuu, na humo anaandika kwa penseli nani anaingia, kwa upande gani, ameshika nini. Penseli, kwa sababu mengi yatafutwa. Skripti hiyo ikikosekana, kundi litaimaliza Jumatatu likibishana nani alisimama wapi Ijumaa.

Kosa linaloharibu maigizo mengi ya shule ni kukariri kabla ya kusimama. Mwanafunzi akiambiwa akariri nyumbani, hurudi na maneno yaliyoganda katika mahadhi mamoja, na kuyabandua mahadhi hayo ni kazi kubwa. Afadhali waanze kwa kusoma wakiwa wameketi, kila mmoja akijiuliza mhusika wake anataka nini kwa mwenzake. Kisha wasimame, skripti mkononi, wapange miondoko. Maneno yataingia yakiwa yamefungamana na hatua za miguu, na kufikia mazoezi ya nne skripti ziwekwe chini. Walioshikwa na mahadhi tayari waketi wakipeana migongo na wasemezane kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida. Asiyemwona mwenzake hulazimika kumsikiliza.

Mwili nao hufundishwa. Mara ngapi tumeona mhusika akiingia na mtungi "uliojaa" maji huku akiubembeza kwa vidole viwili? Mtungi wa lita 20 ukijaa, maji pekee ni kilo 20. Mpe mwanafunzi aubebe kweli hatua 10, wenzake wakimtazama: bega moja linashuka, mkono mtupu unatanuka kutafuta mizani, hatua zinafupika, pumzi inabanwa wakati wa kuutua. Sasa umwage maji, arudie yote hayo na mtungi mtupu. Zoezi hilo moja, la dakika 15, lina uigizaji zaidi ya hotuba ndefu kuhusu "kuvaa uhusika".

Kuhusu sauti, marufuku iwe kupiga kelele kwa koo, maana mtoto hukauka sauti siku mbili kabla ya onyesho. Pumzi ianzie chini ya mbavu, mabega yatulie, na miisho ya maneno isimezwe. Kwa filamu, simu moja inatosha. Ilazwe kwa upana na iegemezwe kitu kisichotikisika. Kinachoharibika kwanza ni sauti, si picha. Simu ikiwa mita 4 kutoka kwa msemaji hunasa upepo na mwangwi, kwa hiyo simu ya pili irekodi sauti karibu naye, nje ya picha.

Tathmini ndiyo itakayoamua kama haya yatafanyika. Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi katika mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, tumezoea kumuuliza mtahiniwa muktadha wa dondoo kwa alama 4, na anaweza kuzipata zote bila kuwahi kusimama jukwaani. Somo hili lisirithi mtindo huo. Tusahihishe daftari la mazoezi la kila mwanafunzi, lenye tarehe, kilichojaribiwa, kilichokataa na sababu yake. Aliyesimamia vifaa apate alama sawa na mhusika mkuu ikiwa kazi yake ilifanyika vizuri.

Ombi langu kwa walimu wakuu halihitaji hela. Vipindi vya somo hili viwekwe viwili viwili mfululizo, dakika 80. Katika kipindi kimoja cha dakika 40, kusogeza madawati na kupasha mwili joto hula dakika 15, kuyarudisha hula 5, na kundi lililoanza tu kupata uhai hukatizwa na kengele.

Mwalimu wa maigizo,
Kakamega