Mheshimiwa Waziri wa Afya, hawa madogo hawajaikataa bima, hawajaelezwa tu

Mheshimiwa Waziri, salaam kutoka Mabibo, Dar es Salaam.

Mimi nina steshenari huku karibu na vyuo, natoa kopi, naprinti, najazia watu fomu mtandaoni, za NIDA, za mkopo wa chuo, za ajira. Wateja wangu wengi ni vijana wa miaka 18 mpaka 30 hivi na siku hizi wakija kuprinti wanaunganisha na maswali ya bima ya afya, wananiuliza mimi ambaye kazi yangu ni toner na karatasi. Ndio maana naandika.

Dogo akiwa chuo analipa 50,400 kwa mwaka, inaingia pamoja na michango mingine na mara nyingi aliyelipa ni mzazi, yeye anapata kadi tu. Siku akimaliza anazungushwa kusaini kliarensi, maktaba sijui hosteli sijui uhasibu, kote huko hakuna anayemwambia kwamba bima yake nayo inaishia hapo. Anakuja kujua akiwa dirishani hospitali, kadi haisomi, nyuma foleni inamsukuma. Waliokuwa kwenye bima ya mzazi mtumishi nao hivyo hivyo, umri ukipita wanatolewa kimya kimya. Yaani tunampoteza mtu ambaye tayari alikuwa ndani, tayari ana namba, halafu miaka miwili baadaye tunakuja kumpigia spika kitaani ajiunge!

Akishatoka hapo, daktari wake ni duka la dawa. Vidonge vinne vya antibayotiki, flajili kidogo, na kila mtu mjini hapa eti ana UTI.

Wenye kadi hai nao wengi hawajui njia. Kijana ana kikohozi cha siku mbili anaenda moja kwa moja Muhimbili, akiulizwa rufaa anaona ananyanyaswa, anarudi kitaa anatangaza bima ni utapeli na kijiwe kizima kinamuamini. Kumbe angeanzia zahanati au kituo cha afya, ikishindikana anapandishwa mpaka hospitali ya mkoa kama Mwananyamala, Amana au Temeke, halafu ndio Muhimbili, na ikiwa ni dharura kweli, mfano ajali ya boda, haulizwi hiyo rufaa. Mambo ya dakika tano tu kuelezana. Na msiniambie vijana hawana akili ya haya mambo, dogo huyo huyo anakupangia mkeka wa kubeti wa mechi 12 na odi zake kichwani, bila kalamu, sababu alikuwepo mtu kijiweni aliyekaa naye akamuelekeza.

Kingine, semeni ukweli kwa nini mnawataka. Mabango yote yanasema "jiunge, hujui lini utaugua", na kijana wa miaka 23 mwenye afya anapita tu. Mwambieni kwamba mfuko unajazwa na wasioumwa ndio unawatibu wanaoumwa, leo yeye anambeba mama mgonjwa wa kisukari wa Buguruni, kesho akivunjika mguu wengine wanambeba yeye. Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto, ilipositishwa 2023 kwa mzazi kumkatia mtoto mmoja mmoja, maelezo yaliyotolewa si yalikuwa hayo hayo, kwamba watu wengi walikuwa wanawaandikisha watoto ambao tayari wanaumwa? Sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa na Bunge tangu Novemba 2023, bila hawa vijana itabebwa na nani?

Halafu kuna suala la kaya. CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, imekuwa ikiandikisha kaya ya hadi watu sita, sawa, inafaa familia. Kijana mmoja fundi simu aliniuliza, "bro, sisi wanne tunaolala geto moja tunagawana kodi na luku, si ni kaya?" Nilicheka, ila jibu sina mpaka leo. Vijana wengi wa mji huu wanaishi hivyo Mheshimiwa, baba na mama wapo mkoani.

Ninachoomba hakihitaji semina ya hotelini yenye mabegi na kalamu. Kwenye ile fomu ya kliarensi ongezeni dirisha moja la bima, mtu hasainiwi mpaka ameonyeshwa bima yake inaisha tarehe gani na anahamia wapi kwa bei gani. Huku mtaani leteni afisa Jumamosi akae na bodaboda, wasusi na mafundi, aje na simu yake awaonyeshe kuanzia kuingiza namba ya NIDA mpaka kontroo namba ya kulipia inatoka. Na malipo yakubali kudunduliza, mtu anayepata hela kwa siku hawezi kutoa ya mwaka mzima kwa mkupuo, ila buku mbili mbili kwenye simu anaweza, mbona marejesho ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, wanalipa kila siku.

Afisa akikosa pa kukaa, kwangu kuna kivuli, benchi na umeme wa kuchajia.

Ni mimi,
Mwenye steshenari, Mabibo